Bangi Nyuma ya Banda la Kuku

Ninyi mnaoanza kazi ya probesheni mmefundishwa darasani mambo mengi ambayo sisi hatukufundishwa, na mimi nafurahi kwa ajili yenu. Lakini nina hakika hakuna aliyewaambia mnunue jembe. Nunueni jembe. Lile la shamba, lenye mpini mrefu, si kile kijembe cha kupalilia maua. Nitawaeleza sababu, ila nitazunguka kidogo kabla ya kufika, kwa maana mzee akiinyoosha hadithi kama barabara ya Mombasa, msikilizaji husinzia kama dereva.

Kwa yule ambaye bado haijui kazi yenyewe: mtu akipatikana na hatia, hakimu anaweza kumfunga, kumtoza faini, au kumrudisha nyumbani chini ya uangalizi wetu. Kabla hajaamua, humtuma afisa wa probesheni akaulize. Huyu mtu ni nani? Ametoka nyumba gani? Na majirani wanasemaje, watakubali arudi au hawataki hata kumwona? Hilo la mwisho tuliliita maoni ya jamii. Karibu maisha yangu yote ya kazi, kwanza Kitui na baadaye upande wa Makueni, nililipwa mshahara kwenda kuwauliza watu wanafikiri nini. Inaonekana kazi rahisi. Unauliza, wanajibu, unaandika.

Hata mimi niliiona hivyo nilipoanza, miaka ya sitini, nikiwa na koti moja zuri sana. Nilitumwa nje ya mji wa Kitui kuuliza habari za mchunga ng'ombe mmoja, Musyoka, aliyepatikana na misokoto ya bangi. Nikavaa lile koti, nikapanda Landrova ya serikali, tukasimama katikati ya soko na vumbi likatufunika sote. Nikashuka nikijipangusa. Kila niliyemwuliza kama anamjua Musyoka alisema hapana. Nikamtafuta mama yake mzazi, nikampata mlangoni kwake.

"Mama, wamjua Musyoka?"

"Jina nimewahi kulisikia," akasema, akaingia ndani.

Nilirudi ofisini nikamweleza mkubwa wangu, Mzee Mwangangi. Alicheka mpaka ikabidi aweke kikombe chini. Mzee Mwangangi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye viatu vilivyokwisha visigino kwa kutembea, na kila nilichokijua baadaye nilianza kukiona kwake.

"Watu hawakukuona wewe," aliniambia. "Waliona gari. Na gari la serikali halijawahi kuja kwao likachukua mtu halafu likamrudisha."

Siku iliyofuata tulikwenda wote wawili, kwa miguu, bila koti. Tukamkuta yule mama na jamaa zake wanapura mbaazi uwanjani. Mzee Mwangangi hakuuliza kitu. Alisalimia, akaokota fimbo, akaanza kupura. Nikaona aibu kusimama, nikaokota yangu. Tulipura mpaka mgongo wangu ukaniuliza maswali. Tulipoanza kupepeta, yule mama akasema bila kuulizwa, "Musyoka ndiye alikuwa akinipuria." Halafu akaendelea kusema, na tulipoondoka nilikuwa na ripoti nzima kichwani.

Njiani Mzee Mwangangi akanipa kanuni yake, ambayo sasa nawapa ninyi bure: "Mtu aliyekaa kitako hujibu kwa ajili ya wanaomtazama. Mtu ambaye mikono yake ina kazi hujibu kwa ajili yake mwenyewe."

Sasa, katika mashtaka yote niliyowahi kuulizia, hakuna lililokuwa gumu kama la bangi. Mwizi wa mbuzi utaambiwa habari zake mpaka uombe maji. Mpigaji wa mke utaambiwa, hasa na wanawake. Lakini ukitaja bangi, kila mdomo unatoa sentensi moja: bangi ni mbaya. Sentensi hiyo si ya uongo. Ni kama kofia tu, mtu huivaa akitoka nje.

Pale Kitui mjini palikuwa na mwenye duka mmoja, Mzee Athmani, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani. Nilipomwuliza maoni yake juu ya kijana mmoja wa jirani, alinitazama juu ya miwani.

"Unataka jibu la serikali ama langu?"

"Kwani yana tofauti, mzee?"

"La serikali nakupa hapo ulipo, umesimama. Langu mpaka uingie huku nyuma unishikie debe."

Nikamshikia debe, yeye akamimina mchele. Akaniambia kwamba kwa dini yake bangi na pombe ziko kapu moja, na hatamani hata moja ihalalishwe. "Lakini kuna jambo linanisumbua," akasema. "Mlevi wa pombe akianguka hapa mlangoni, namwinua, nampeleka kwa mkewe. Wa bangi nikimwona, namwita askari. Vichwa vya wote wawili vimesafiri. Mbona mmoja namrudisha nyumbani na mwingine nampeleka gerezani?" Nikasubiri anipe jibu. "Usinitazame," akasema. "Shika debe vizuri."

Na msidhani watu wote waliogopa kusema. Nendeni Emali, pale lori zinapopumzika na barabara ya Loitokitok inapokutana na ile ya Mombasa. Katika hoteli moja pale nilisikia mjadala ambao hata bungeni ungefaa. Dereva mmoja alipiga meza.

"Iruhusiwe! Serikali itoze ushuru kama inavyotoza sigara. Hii barabara ingekuwa na lami mpya kila mwaka."

"Na wewe," mwenzake akamjibu, "ungeikuta hiyo lami mpya ukaiona barabara tatu, ukachagua ya katikati."

"Bora mimi. Wewe huoni hata moja, na hujavuta kitu!"

Mama mwenye hoteli akapita na sahani. "Kuleni mlipe. Nyinyi wa bangi mnakula chapati halafu mnaniambia hamjaletewa."

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Lakini tazameni vizuri, vijana. Yule dereva aliyepiga meza alikuwa mtu wa mbali. Hapakuwa na shemeji yake pale, wala mchungaji wake, wala mwalimu wa watoto wake. Mrudishe kijijini kwake, mketishe kwenye baraza, naye atavaa ile kofia: bangi ni mbaya. Kwa hiyo ukiandika maoni ya mtu, jiulize aliyasemea wapi na nani alikuwa amekaa karibu.

Hapo ndipo ninapofika kwa Mwaitu Kalunde.

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na karibu na Matiliku, ambako aliishi, kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane, mwimbishaji wa kina mama kanisani, na hakuna aliyekuwa na kuku kama wake. Mnaujua ule ugonjwa unaokuja na upepo wa kiangazi, kuku anapinda shingo, anaharisha kijani, na kufikia kesho kutwa banda liko kimya. Ugonjwa huo ukipita, banda la Mwaitu Kalunde lilibaki na sauti. Nyuma ya banda hilo palikuwa na mti wa bangi uliopita paa.

Wavulana waligundua. Wakawa wanaiba majani, wanakwenda kuyakausha na kuyavuta kwenye korongo. Polisi wa utawala wakawafuata wavulana, wavulana wakaonyesha mti, na Mwaitu Kalunde akapandishwa gari akiwa bado na mtama wa kuku mkononi. Kortini aliulizwa kama ule mti ni wake. Akasema ni wake, aliupanda mwenyewe, ni dawa ya kuku. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alikuwa kijana, mgeni katika sehemu zetu, na si mtu mbaya. Alisema mti wa ukubwa ule haukujificha, na kwamba kama watu wa kwao wenyewe hawamtaki, yeye hatakuwa na sababu ya kutompeleka gerezani. Akaniagiza nikalete maoni yao. Mpaka nirudi, mama akae rumande.

Nilimwona kabla sijaondoka. Alikuwa akikohoa, kile kikohozi cha mtu aliyezoea jua akalazwa kwenye sementi. Hakuniuliza habari za kesi. Aliniuliza, "Mwana wakwa, kuku zangu zinakula kwa nani?" Mwanangu, kuku wangu wanakula kwa nani. Kwa kifua kile sikufikiri angeweza kumaliza kifungo, hata kifupi, na nilijua hakimu atafuata nitakachokileta.

Nilipofika Matiliku nilikuta naibu wa chifu ameshaita baraza ili kunirahisishia kazi. Sikuweza kulikataa. Watu walikuwa wameshakaa, wanaume mbele, wanawake nyuma, na mimi nikapewa kiti. Mchungaji akasimama kwanza. Alisema vizuri, na alisema kweli kama alivyoiona: leo kuku wanakula, kesho watoto wanavuta. Mwalimu akasimama, akasema wavulana wawili wameacha masomo. Wazee wakasema kama waliotangulia. Nikaomba kina mama nao waseme. Kimya. Halafu mwanamke mmoja mwembamba aliyefunga leso kichwani mpaka karibu na nyusi akasimama nyuma kabisa.

"Afungwe," akasema. Akakaa.

Niliambiwa anaitwa Syombua. Niliona jambo moja ambalo naomba mlishike: wanawake wenzake hawakunitazama mimi kuona kama nimeandika. Walimtazama yeye, kisha wakatazama chini.

"Basi, afisa," naibu wa chifu akaniambia, naye akiandika katika karatasi zake ili azipeleke kortini, "watu wamesema. Hawamtaki."

Angalieni, hakuna aliyedanganya pale. Kila neno lilisemwa, na mbele ya mashahidi. Ningeweza kurudi jioni ile ile na ripoti safi. Lakini nilikuwa sijamsikia mtu hata mmoja ambaye mikono yake ina kazi. Nikatafuta kitanda sokoni, nikalala.

Asubuhi nikamwuliza mama aliyenipa uji ni wapi naweza kuwapata wanawake wa kijiji.

"Leo ni siku ya mwethya," akasema. Mwethya ni kile kikundi cha kulimiana shamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Miaka ile wanawake wa Ukambani walichimba kwa mwethya karibu mitaro yote ya kuzuia mmomonyoko mnayoiona kwenye miteremko yetu. "Wako kwa Mwaitu Kalunde."

Nikaacha uji. "Kwa Kalunde? Si yuko rumande?"

"Yeye yuko rumande," akasema, akinishangaa. "Zamu yake haiko rumande."

Niliazima jembe lake nikaenda. Nilisikia nyimbo kabla sijaona watu. Walikuwa wamejipanga kwenye mteremko wa Kalunde, wale wale waliotazama chini jana, wake wa wale wazee waliosimama mmoja baada ya mwingine, na mke wa mchungaji ndiye aliyekuwa akiongoza wimbo. Mwishoni mwa mstari, akichimba kwa nguvu kuliko wote, alikuwa Syombua.

Nikasalimia, nikaingia kwenye mstari. Wimbo ukasimama ghafla. Nikaanza kuchimba na kutupa udongo, nikasikia mtu anacheka, kisha wote.

"Afisa!" mke wa mchungaji akaniita. Jina lake lilikuwa Mama Mutheu. "Huu mtaro unaitwaje?"

"Fanya juu."

"Sasa wewe unafanya nini?"

Nikatazama. Nilikuwa nautupa udongo chini ya mtaro, unakoteremkia, badala ya kuupandisha juu uwe ukingo.

"Hiyo yako ni fanya chini," mwingine akasema. "Mvua ikija itakushukuru, itapata pa kupitia."

"Mwacheni, serikali imezoea kutupa vitu chini," akasema mwingine, na kwa kicheko kile nikajua nimeruhusiwa kubaki.

Tulichimba. Sikuuliza kitu. Nilikuwa nimeanza kupata malengelenge Mama Mutheu aliposogea karibu yangu.

"Sasa unataka kuandika nini, afisa?"

"Nitakachosikia."

"Basi sikia. Hapa kila mmoja ana kuku, na kila mmoja amewahi kuchukua majani kwa Mwaitu. Unayatwanga, unayatia kwenye maji ya kuku na majivu kidogo. Mimi mwenyewe ninayo nyumbani. Mchungaji akiuliza, namwambia ni mwarobaini."

"Na anakubali?"

"Anakula mayai," akasema, na wote wakacheka tena. Kisha akaacha kucheka. "Lakini jana ningesimama niseme nini? Bwana yangu amemaliza kuhubiri, mimi niinuke niseme yako jikoni kwangu? Tulinyamaza. Tukasema, kesho ni zamu yake, tutakuja kulima. Mwenye macho ataona."

Mimi nilikuwa na macho, na kidogo tu nisione. Nikafurahi sana, na kwa furaha ile nikauliza swali la haraka. "Kwa hiyo mngependa bangi iruhusiwe?"

Majembe yakasimama.

"Nani amesema iruhusiwe?" Alikuwa Syombua. Alikuja kando ya mtaro mpaka akanifikia, jembe mkononi. "Wewe una mtoto?"

"Ninao, mama."

"Mimi nina Muli. Alikuwa wa kwanza darasani. Sasa yuko Emali anaosha magari. Ukiongea naye, kichwa chake ni kama redio ambayo haishiki stesheni, inashika kidogo, inapotea. Alianzia hapa." Akaelekeza jembe kwenye banda la kuku. "Unajua nani alimtuma? Kuku zangu zilikuwa zinakufa. Nikamwambia, Muli, kimbia kwa Mwaitu uniletee yale majani. Akaleta. Kesho yake nikamtuma tena. Mguu wake uliizoea njia. Mimi ndiye nilimtuma."

Nadhani wenzake wote walijua, na ndiyo maana barazani walimtazama vile. Mama Mutheu alitaka kumshika bega, Syombua akalitoa. Akainama akaendelea kuchimba pale pale miguuni pangu, nami nikainama nikachimba pamoja naye. Wengine nao wakaanza, polepole, bila wimbo.

Vijana, hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Afisa mwenye haraka angeandika: wanawake wamegawanyika. Lakini mimi nilikuwa nimeuliza juu ya bangi, na hakimu hakunituma niulize juu ya bangi. Nikangoja mpaka nikaona pumzi ya Syombua imetulia. Kisha nikauliza swali la pili.

"Na Mwaitu, mama? Arudi au afungwe?"

Alichimba kidogo zaidi. "Jana nilisema afungwe."

"Nilisikia."

"Jana nilitaka kuwe na mtu wa kulaumiwa ambaye si mimi." Akatupa udongo juu, akaupiga kwa jembe ukakaa. "Kalunde alimpa mtoto wangu dawa ya kuku. Hakumpa moto. Mume wangu alipokufa, huyu Kalunde alilala kwangu mpaka nikaweza kula. Wewe unafikiri nimekuja hapa kulima shamba la mtu ninayetaka afie jela?"

"Niandike hivyo?"

"Andika, ule mti usirudi hapa tena. Yeye arudi."

Nikaandika hivyo. Lakini nilijua kwamba mezani kwa hakimu kutakuwa na karatasi mbili, yangu na ile ya baraza, nayo ya baraza ilikuwa na majina mengi ya wanaume. Nikawaambia kina mama kwamba siku ya kesi, kama wangeweza, waje. Sikuahidiwa kitu. Mama Mutheu alisema tu kwamba watatazama kama kuna basi.

Siku ile niliwakuta wameshafika kabla ya makarani, wamekaa mstari mmoja kwenye benchi la nyuma kama walivyojipanga kwenye mtaro. Mchungaji alikuwa pamoja nao, amekaa kando ya mkewe, kimya sana. Nilifikiri moyoni, huyu ameambiwa habari za mwarobaini.

Mwaitu Kalunde akaletwa. Alikuwa amekonda, na alipowaona wale wanawake alifunika mdomo kwa leso akakohoa muda mrefu. Hakimu akasoma karatasi ya kwanza, akasoma ya pili, akavua miwani.

"Afisa, baraza linasema watu hawamtaki. Wewe unasema wanamtaka. Nani anasema kweli?"

"Wote wawili, Mheshimiwa."

"Haiwezekani."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza, mnajua mimi napenda kueleza, lakini benchi la nyuma lilikwaruza sakafu na Syombua akawa amesimama. Askari akamwambia akae. Hakimu akasema aachwe, akamwuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyesema afungwe."

"Na leo umekuja kusema nini?"

"Arudi nyumbani."

"Umebadilisha maoni?"

"Sijabadilisha, Mheshimiwa. Barazani tuliulizwa juu ya bangi. Shambani niliulizwa juu ya Kalunde."

Hakimu alimtazama, akatazama benchi zima. "Na juu ya bangi yenyewe unasemaje leo?"

"Ichomwe. Hata leo ichomwe. Mtoto wangu imemharibu. Lakini huyu mama tukimfunga, Muli hatapona. Tutakuwa tu na nyumba mbili tupu."

Mwaitu Kalunde hakuwa akijua kwamba mti wake ndio uliomharibu Muli. Niliona anajua wakati ule ule. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili na kulia bila sauti, na Syombua akabaki amesimama, wakitazamana, na hakimu kijana akawaacha watazamane, jambo ambalo nimemheshimu kwalo mpaka leo.

Alipewa probesheni. Sharti lilikuwa mti usipandwe tena, na mimi niwe nikimtembelea. Nilipompeleka nyumbani tulikuta wanawake wanamngoja, kila mmoja na kapu. Zilikuwa kuku zake. Walikuwa wamegawana kuzilisha siku zote zile alizokuwa rumande. Kuku aliyelishwa na Syombua alikuwa ameangua, naye Syombua akamleta na vifaranga vyake ndani ya kiondo. Kwetu anayekulelea kuku hupata sehemu ya vifaranga, na Kalunde akaanza kumchagulia. Syombua akakataa. Kalunde akaendelea kumwekea kandokando, kimoja baada ya kingine. Kisha akasema, "Yale majani, ningempa Muli yamefungwa kwenye kitambaa." Syombua akajibu, "Ningekuja mwenyewe." Hayo tu. Nilikuwa nimesimama pale na sikusikia zaidi, lakini Syombua aliondoka na vifaranga.

Mengi yamebadilika tangu hapo. Sheria ya bangi ilikazwa katika miaka ya tisini, na mti kama ule leo ungemfikisha mtu mbali zaidi. Watu wa mifugo walileta chanjo, tone moja jichoni mwa kuku, na Mwaitu Kalunde akawa wa kwanza kupanga foleni. Siku moja, probesheni yake ikiwa imekwisha zamani na mimi nimepita tu kumsalimia, nilimwuliza kwa moyo safi: yale majani yalikuwa yakiponya kweli?

Aliwatupia kuku mtama kwanza. "Mwana wakwa, waliopona walipona. Waliokufa tuliwala haraka."

Siku hiyo ilikuwa siku ya mwethya tena kwake. Mahali pa ule mti palikuwa na mboga ya malenge imetambaa mpaka juu ya banda. Katika mstari wa wanawake palikuwa na mwanamume mmoja, na sikuhitaji kuambiwa ni nani, kwa jinsi alivyofanana na mama yake kwa kuinama. Syombua alikuwa na homa, akatuma mtu wa kuchukua nafasi yake. Muli hakuwa amepona kabisa. Mara nyingine alisimama akasahau, jembe likining'inia, na Mama Mutheu akamwimbia mstari mmoja mpaka akaushika tena. Lakini udongo wake aliutupa juu, kila mara, na ukingo wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu.

Wajukuu wangu nao huniuliza siku hizi, maana wanasikia mjadala kila mahali: babu, bangi iruhusiwe ama isiruhusiwe? Huniuliza nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, wao wamekaa, mama yao anasikiliza jikoni. Ninawaambia kuna majembe mawili nyuma ya mlango, walete yote mawili.